Kazi za Gego Guggenheim, New York: uzoefu wangu, na namna ya kuzitazama

Usomi wa majengo wa mchongaji Gego unauona kwa macho, tena mahali padogo kabisa: pale waya unapokutana na waya. Alizaliwa Hamburg mwaka 1912 kwa jina la Gertrud Goldschmidt, akahitimu usanifu majengo na uhandisi Stuttgart mwaka 1938, na mwaka uliofuata, akiwa Myahudi chini ya Wanazi, akakimbilia Venezuela. Uchongaji aliuanza akiwa amevuka miaka 40. Makumbusho ya sanaa ya Guggenheim ilionyesha karibu kazi zake 200 kuanzia Machi hadi Septemba 2023, na ninazozipima hapa ni hizo.

Kazi za miaka ya 1950 ni fito za chuma zilizolehemiwa na kupakwa rangi. Ni nzuri, lakini zimetulia mno. Usipozizunguka polepole hutaona mistari ikipishana na kutetema.

Uhondo hasa uko kwenye nyavu zake za kuanzia mwaka 1969. Hapo kulehemu kumeachwa. Kila kipande ni waya mgumu, mfupi, ncha zake zimekunjwa kuwa vitanzi, na kitanzi kimeshikana na kitanzi. Pembetatu ya nyaya ngumu haiyumbi upande, ila kwa kuwa viungo viko huru, pembetatu mbili jirani hukunjana kama bawaba. Ndiyo maana wavu unaning'inia bila kuporomoka. Sogea karibu, hesabu pembetatu zinazokutana kwenye kiungo kimoja. Zikiwa sita zinazolingana pande zote, wavu hulala bapa. Zikiwa tano, hutuna kama kuba; zikiwa saba, hujikunjakunja. Ukishajua hesabu hiyo, umbo zima linasomeka.

Wanaojaribu kusuka wavu wa namna hii hukwama kwenye mambo mawili. Waya laini hupinda kwa uzito, pembetatu ikapoteza umbo. Na vitanzi vikiachwa vikubwa, ulegevu mdogo wa kila kiungo hujumlishana mpaka wavu mzima unalegea katikati. Tumia waya unaohitaji koleo kuukunja, na ukate vipande vyote kwa kipimo kimoja kabla ya kuanza kuunganisha.

Jengo lenyewe la Guggenheim linataka umakini: sakafu inapanda, ukuta umepinda, lakini kazi zinazoning'inia hufuata timazi. Yaangalie hayo matatu kwa pamoja, maana mwili wako kwenye mteremko unaweza kukudanganya kwamba wavu ndio umeinama.

Reticulárea, ule wavu wake wa Caracas unaojaza chumba kizima, haikuwepo kwenye maonyesho, na hilo ni pengo kubwa; picha haikupi hisia ya kuwa ndani ya wavu.

Kwa zile alizoziita michoro bila karatasi, kazi za waya zinazoning'inia mbele ya ukuta, za mwaka 1976 hadi 1988, simama kwa upande. Kivuli kilicho ukutani ni nusu ya mchoro. Flashi hukiua, na simu mara nyingi hulenga ukuta badala ya waya, kwa hiyo gusa waya kwenye kioo cha simu kwanza, ndipo upige.