pnpm: kama bildi zako zinabadilika zenyewe, jaribu hii

Wakuu, kama unafanya frontend (upande wa tovuti anaouona mtumiaji) na bildi (kodi iliyofungashwa tayari kutumika) ya jana na ya leo hazifanani wakati hujagusa kodi, hebu jaribu pnpm, programu ya kushusha na kupanga paketi za JavaScript (kodi za watu wengine ambazo projekti yako inazitegemea), mimi naikubali sana. Kila paketi inaandikwa kwenye pnpm-lock.yaml, toleo lake kamili pamoja na hashi yake (alama ya kuhakiki kuwa paketi haijabadilika), sasa ukiweka --frozen-lockfile wakati wa kuinstoli halafu ikute package.json (orodha ya paketi ulizoomba) hailingani na hilo faili inagoma hapohapo, haibahatishi, na kwenye CI (seva inayobildi na kupima kodi yenyewe) inafanya hivyo bila hata kuambiwa.

Kwa bando zetu hizi nayo ni nafuu maana paketi inashushwa mara moja inakaa stoo moja kwenye mashine, projekti zingine zinaichukua palepale, na ukishapiga pnpm fetch (amri ya kushusha paketi zilizo kwenye pnpm-lock.yaml) unaweza kuinstoli kwa --offline hata mtandao ukate. Wanaokumbuka Machi 2016 paketi ya left-pad, kodi ya mistari 11 tu, ilivyoondolewa npm (stoo kuu ya paketi mtandaoni) na bildi za watu kibao zikaanguka, wanaelewa nasema nini.

Toleo la 10 pia limezuia skripti za paketi unazoshusha zisijiendeshe mpaka uziruhusu, safi sana hiyo.

Ugumu upo: kodi yako ikitumia paketi ambayo hujaitangaza kwenye package.json itakugomea, inabidi uiongeze mwenyewe, na projekti ya zamani itakula muda hapo. Halafu usisahau kufunga toleo la pnpm yenyewe kwenye packageManager ndani ya package.json, na la Node (programu inayoendesha JavaScript kwenye mashine) pia, maana wengi wanaishia kwenye paketi tu.