Sungura wa kuzungumza: sauti nzuri, masikio wazi kwa kila mtu

Mimi ni fundi simu, Langoni, Lamu. Sungura huyu, mdoli wa kuchezea, kaletwa na shemeji yangu kutoka Doha, na dada akaniomba nimuunganishe na simu yake. Jina la kampuni silitaji.

Manyoya laini, sauti safi, hadithi tele. Mpwa wangu kampenda papo hapo.

Programu yake ndiyo iliyonitia shaka kwanza. Ilitaka jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, mahali tulipo na namba zote zilizohifadhiwa kwenye simu. Msimulia hadithi ana haja gani na namba za kina shangazi? Nilipokataa, ikagoma kuendelea. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya kuchukua taarifa za mtoto, na idhini ya kulazimishwa hivi siikubali.

Kisha bluetooth. Nilimwacha mtoto akicheza kiwandani, yaani ua wa ndani ya nyumba, nikatoka hadi dakani, ukumbi wa mlangoni, nikakaa barazani na simu yangu isiyo na programu ile. Ikamwona sungura, ikaungana naye bila namba ya siri wala kitufe cha kubonyeza. Nikamsikia mpwa wangu akimweleza kuwa baba yuko Doha na mama amelala. Wallahi mwili ulinisisimka. Nyumba zetu zilijengwa mgeni aishie dakani, ya ndani yabaki ndani. Mdoli huyu huyatoa hadi njiani kwa yeyote mwenye simu. Tena mtu huyo anaweza kumsemesha mtoto kupitia spika, na mtoto akaamini ni sungura.

Hatari hii inajulikana zamani. Mwaka 2017 Ujerumani ilimpiga marufuku mwanasesere My Friend Cayla, ikamhesabu kuwa chombo cha kusikiliza watu kwa siri. Bluetooth yake nayo ilikuwa haina ulinzi. Mwaka huohuo hifadhi ya data ya CloudPets, midoli ya manyoya ya kutumiana ujumbe wa sauti, ilikutwa wazi mtandaoni bila nywila, ikiwa na akaunti zaidi ya 800,000, na rekodi za sauti za wazazi na watoto wao, zaidi ya milioni 2, zikawa hatarini.

Nyota moja kati ya tano, ya manyoya. Betri nimeitoa, na dada karidhia. Ukiwa na mdoli kama huyu nyumbani, mjaribu leo kwa simu ya jirani. Ikiungana naye bila kuulizwa kitu, mtoe betri kabla mtoto hajamrudia.