Vifaa vilivyolala stoo: uzoefu wangu wa kukodishiana na majirani kwa simu

Nimeitumia programu hii muda wa kutosha kuichoka na kuirudia. Niko pande zote mbili: kuna vitu vyangu nilivyovitangaza humo, na kuna vya wenzangu ninavyovikodi. Jina lake naliacha, kwanza kwa sababu nina malalamiko nayo, pili kwa sababu programu za aina hii zinafanana mno. Ukiizoea moja umezizoea karibu zote. Unajisajili kwa namba ya simu na kitambulisho, unapiga picha kifaa chako, unaweka bei ya siku na amana, kisha kinaonekana kwenye ramani kwa walio karibu. Anayekihitaji anaomba tarehe, unakubali au unakataa. Malipo yanashikiliwa na programu mpaka kifaa kirudi, na kamisheni inakatwa kabla hela hazijakufikia.

Wazo lenyewe silipingi. Chungulia stoo, uvungu wa kitanda na juu ya kabati: vingi vilivyomo vilinunuliwa kwa kazi ya siku moja. Magari ndiyo hutajwa zaidi. Donald Shoup, msomi wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, aliyebobea kwenye mambo ya maegesho, alikadiria kwamba gari hukaa limeegeshwa kiasi cha asilimia 95 ya muda wake. Ngazi yangu ingeziona hizo asilimia 5 zilizobaki kuwa ni utumwa. Wala kushirikiana vitu hakukuanza na simu. Zürich, Uswisi, palianzishwa ushirika wa watu wanaotumia magari kwa zamu, ukiitwa Sefage, mwaka 1948. Intaneti imeongeza mambo mawili: kujua nani ana nini bila kubisha hodi mlango kwa mlango, na kumbukumbu ya nani alirudisha kwa wakati na nani alizungusha watu.

Lipo la tatu ambalo sijaona wakilitangaza: bei ndogo inaondoa aibu. Waliosema nguo ya kuazima haisitiri matako walijua wanachosema. Ukimwomba jirani toroli leo, ukamwomba tena wiki ijayo, mara ya tatu unaanza kupita njia nyingine ili asikuone. Ukilipa, hata kama ni kidogo, mmemalizana, na salamu zinabaki salamu. Kwangu mimi mwenye kifaa nako ni nafuu. Tarehe ya kurudisha imeandikwa, sina haja ya kujifanya nimepita tu kumjulia mtu hali kumbe macho yananitoka kutafuta ngazi yangu.

Sasa tuje kwenye drili. Kila anayehubiri habari ya kushirikiana vifaa huanza na drili: inatoboa matundu machache maishani mwake, kwa nini kila nyumba iwe na yake? Nimetangaza yangu, nimekodi za wengine, na kwa maoni yangu huo ni mfano mbovu kuliko yote. Drili ya kawaida ya nyumbani si kitu cha bei ya kutisha, inaingia kwenye droo, haimsumbui mtu. Kazi yake huja ghafla. Rafu imeng'oka, pazia halina pa kushikia, unataka tundu sasa hivi, si keshokutwa jioni mwenye nayo akitoka kazini. Halafu kuna biti, kile chuma cha mbele kinachotoboa. Ya mbao haiwezi zege, ya zege iliyoisha makali inasugua tu ukuta, na ikivunjika nani alipe? Anayekodi anasema ni sehemu ya kifaa. Mwenye kifaa anasema ni kitu cha kutumika na kuisha. Basi mnarushiana ujumbe usiku kucha juu ya kipande cha chuma kisichofika urefu wa kiganja. Drili yangu nimeiondoa kwenye orodha.

Nikiangalia kilichonifaa na kilichonichosha, kinachotenganisha ni makabidhiano. Programu inaandika bei ya kukodi kwa herufi kubwa, lakini gharama yenyewe iko kwenye kukutana. Kila ukodishaji una kukutana mara mbili, kuchukua na kurudisha, na mara zote watu wawili wanatakiwa wawe mahali pamoja kwa wakati mmoja. Ongeza ujumbe wa "umefika wapi", "nipo njiani", "geti lipi", "nimemwachia mlinzi". Usumbufu huo ni uleule kwa kifaa cha thamani na kwa kifaa cha hovyo. Ndiyo maana vitu vya bei ndogo havitoki hata ukivitoa bure: hakuna anayetaka kupoteza jioni yake kwa ajili ya bisibisi. Na kurudisha ndiko kugumu zaidi. Kukopa harusi, kulipa matanga, hata kama programu inatuma vikumbusho. Siku ya kuchukua mtu anafika kabla ya muda. Siku ya kurudisha ana mgeni, ana mafua, mvua imemzuia.

Kwa hiyo umbali unaamua karibu kila kitu. Vifaa ninavyoweza kuvifuata kwa miguu nimevikodi tena na tena. Pakihitajika usafiri, unalipa kwenda na kurudi siku ya kuchukua, kwenda na kurudi siku ya kurudisha, na hapo ni heri kununua kilichotumika. Programu hizi huchangamka penye watu waliobanana, kama kwenye majengo ya ghorofa, na hufifia penye nyumba zilizotawanyika, hata kama wote wamejisajili. Hii ninayotumia haijalielewa hilo. Inajisifu kwa wingi wa matangazo, inaniletea arifa za vitu vilivyoko upande wa pili wa mji, na kichujio cha umbali kinajifuta kila inaposasishwa.

Vinavyotoka kweli ni ngazi ndefu, mashine ya kusafishia mazulia, hema, projekta, viti na meza za kukunja. Ni vitu vinavyokera kuvihifadhi, vinavyohitajika siku inayojulikana mapema, na visivyotaka fundi. Ngazi naiweka juu ya vyote. Haina injini, haina betri, haina waya wa kukatika. Ukiikagua miguu na vidato dakika moja umeshajua kama ni salama kumpa mtu.

Hema lina mambo yake. Linalala miezi na miezi, halafu zikija siku za mapumziko kila mtu analitaka, na mimi mwenyewe nalitaka. Hapa ndipo hesabu za vitu vilivyolala hudanganya. Kifaa kinaweza kukosa kazi karibu mwaka mzima na bado kikagombewa kwa siku chache zilezile, kwa sababu mahitaji ya majirani yanafanana: likizo moja, hali ya hewa moja, mwisho wa wiki uleule. Projekta haina shida hiyo, maana kila mtu ana hafla yake kwa tarehe yake. Ukitaka kujua kitu chako kitakodishika, jiulize kama wewe na jirani mtakitaka siku tofauti.

Uharibifu sasa. Mwaka 2011 mwenyeji mmoja wa Airbnb, huduma ya mtandaoni ya watu kukodishia wageni nyumba zao, alirudi nyumbani kwake San Francisco akakuta mgeni ameivuruga na kumwibia, na kelele zilizofuata ziliifanya kampuni ianzishe dhamana ya hadi dola 50,000 kwa wenyeji. Tangu hapo karibu kila huduma ya namna hii ina neno "dhamana" kwenye ukurasa wa mbele. Soma masharti. Dhamana ya hii ninayotumia inalipa uharibifu unaoonekana kwenye picha za kabla na baada, ikiondoa "uchakavu wa kawaida". Kwa meza iliyovunjika mguu, sawa. Kwa mashine, picha haisaidii. Mashine yangu ya kuoshea kwa presha ilirudi inang'aa kuliko ilivyokwenda, na ilipowashwa pampu ikawa inanguruma bila kusukuma maji. Picha zote mbili zilikuwa nzuri. Huduma kwa wateja walijibu kwa heshima, wakaomba picha zaidi, wakajibu tena kwa heshima, na dai likafungwa.

Tangu hapo nafuata utaratibu wangu: kwa chochote chenye mota tunakiwasha pamoja tukiwa wawili, wakati wa kutoa na wakati wa kupokea, na tunarekodi video fupi yenye sauti. Aliyekodi naye analindwa, kwa sababu asije akabebeshwa ubovu alioukuta. Amana naiweka ya kumfanya mtu akumbuke kurudisha, si sawa na bei ya kifaa kipya, la sivyo hakuna atakayekodi. Na usitegemee bima ya nyumba bila kuuliza, kwani nyingi hazigusi vitu vinavyokodishwa kwa malipo.

Nyota hazinisaidii sana. Karibu kila mtu ana tano. Nani atampa nyota mbili mtu anayeishi ghorofa ya chini yake? Airbnb walipambana na ugonjwa wa aina hii mwaka 2014 kwa kuficha maoni ya upande mmoja mpaka wa pili naye aandike, ili watu wasilipizane kisasi wala kupakana mafuta. Hapa maoni yanaonekana papo hapo, kwa hiyo yote ni sukari. Mimi nasoma vitu viwili tu: mtu amejiunga lini, na ni mara ngapi amechelewa kurudisha. Hicho cha pili programu inakihesabu yenyewe, haitegemei huruma ya mtu, na ndicho kipengele bora kuliko vyote walivyonavyo. Cha ajabu wamekificha ndani, mpaka ubonyeze wasifu mara tatu.

Jambo la faragha kwa kifupi: hakikisha ramani inaonyesha duara la eneo na si alama juu ya nyumba yako kabla hujakubali ombi. Kutangaza projekta, kamera na anwani kwa pamoja ni kuwarahisishia wezi kazi.

Kilichobadilisha mambo kwetu hakikutoka kwenye programu hata kidogo. Maktaba ya umma ya Berkeley, California, inaazimisha zana tangu 1979: vifaa viko sehemu moja, vinakaguliwa vikirudi, na hakuna wa kumsubiri getini. Sisi hatuna maktaba ya hivyo, lakini wachache wetu tulikubaliana kuviweka vitu vinavyokodiwa zaidi kwenye kabati moja la pamoja lenye kufuli la namba. Mwenye kifaa anakubali ombi, anatuma namba, anayekodi anachukua kwa saa yake na kurudisha kwa saa yake. Namba inabadilishwa kila baada ya kurudisha. Ghafla hata vile vitu vya bei ndogo vikaanza kutoka, kwa kuwa kukutana kumeondoka. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alitumia miaka mingi kuonyesha kwamba watu wanaoshirikiana rasilimali wanaweza kujisimamia kwa kanuni walizojiwekea wenyewe, ilimradi wanaangaliana na adhabu zinaanza ndogo. Kwetu adhabu ya kwanza ni kutajwa kwenye kundi la ujumbe. Ya pili hatujawahi kuifikia.

Programu bado tunaitumia kwa ajili ya kalenda, malipo na hesabu ya uchelewaji, ingawa kalenda nayo hairuhusi kufunga siku zinazojirudia. Nikitaka Jumamosi zote ziwe zangu, nazifunga moja moja.

Naipa nyota tatu. Ukiishi penye majirani wengi wa karibu na una vitu vikubwa visivyo na mota, jiunge, utapata hela ya kununulia vingine. Kama nyumba ziko mbali mbali, au ulichonacho ni zana ndogo ndogo, usijisumbue kupiga picha. Nitaongeza ya nne siku watakapoficha maoni mpaka pande zote ziandike, waache kichujio cha umbali kikae nilipokiweka, na waruhusu video kwenye madai ya uharibifu.