Simu ya "laini zote" iliyonifanya nionekane nimeizima

Sikutaka kuandika haya nikiwa na hasira, lakini hasira yenyewe imekataa kupoa, basi acha niandike hivyo hivyo.

Simu hii niliinunua miezi michache iliyopita, imetumika kidogo, imetoka Marekani. Swali langu kwa muuzaji lilikuwa moja tu: itashika laini yangu? Akanijibu bila kusita, "Dada yangu, hii imefunguliwa, inakula laini zote duniani." Akachomeka laini yangu, vijiti vikapanda, 4G ikatokea, akafungua video ikacheza bila kukwama. Nikalipa. Tulikuwa tumesimama mlangoni, nje kabisa. Hilo nimekuja kulikumbuka baadaye.

Nikiwa chumbani 4G inapotea, inabaki ile E ya mtandao wa zamani wa polepole, au inaandika hakuna huduma. Nikipiga, inakaa kimya weee, halafu inakata yenyewe. Hayo ningeyavumilia. Nisichoweza kukivumilia ni ule usiku. Mama alizidiwa, mjomba akanipigia mara sita. Simu ilikuwa juu ya mto, karibu na sikio langu, chaji imejaa, na haikulia hata mara moja. Alichokuwa akisikia mjomba ni ile sauti ya "namba unayopiga haipatikani kwa sasa". Asubuhi nilipotoka uani meseji zikamiminika kwa mpigo, ya mwisho imeandikwa: "Mwanangu, leo ndiyo umeamua kuzima simu?"

Mama alipata nafuu, nashukuru. Lakini ile meseji sijaifuta.

Nikaenda huduma kwa wateja wa kampuni yangu ya simu. Dada wa dawati hakuinua hata uso. "Mtandao wetu hauna tatizo. Hifadhi namba zako kwa alama ya kujumlisha." Mimi nalalamikia simu zisizoingia, yeye ananifundisha kuhifadhi namba! Na kwa kuwa nilikuwa nimechanganyikiwa, nilikesha nikibadilisha namba moja baada ya nyingine. Ushauri wenyewe, nakiri, si mbaya: ile + inasimama mahali pa tarakimu za kuanzia unapopiga nje ya nchi, ambazo kwingi ni 00 lakini Marekani na Kanada ni 011, na sifuri ya mwanzo kwa kawaida unaiondoa baada ya kuweka namba ya nchi. Kwa anayesafiri inasaidia sana. Kwa tatizo langu haikusaidia chochote, na usiku wangu haukurudi.

Aliyenisaidia ni kijana mmoja fundi wa hapo hapo, niliporudi mara ya pili nikiwa karibu kulia. Hakuangalia jina la simu. Alifungua mipangilio akasoma namba ya modeli, zile herufi na tarakimu, akasema, "Dada, jina ni lile lile na ya huku, lakini hii ni simu nyingine." Akanieleza kwamba mnara wa karibu nami unarusha 4G kwa bendi mbili, yaani mafungu mawili ya masafa ya mawimbi ya redio. Bendi 3, yaani megahezi 1800, simu yangu inayo, ndiyo maana nje inaruka. Ndani ya kuta wimbi hilo linafifia, na hapo inatakiwa bendi 20, megahezi 800, kwa sababu masafa ya chini hufika mbali na hupenya ukuta vizuri zaidi. Hiyo simu yangu haina. Imetengenezewa masafa ya kwao, kama bendi 12 na 13 za megahezi 700. Na kufunguliwa maana yake ni kuondolewa kufuli la kampuni tu, hakuongezi bendi ambayo kifaa hakikuundwa nayo.

Kuna la pili pia. Kampuni hairuhusu modeli hii kupiga kwa VoLTE, yaani sauti ipite humo humo kwenye 4G. Kwa hiyo kila simu inayoingia au kutoka lazima iteremke kwanza kwenye mitandao ya zamani, 3G au 2G, na chumbani kwangu inateremka, inatafuta, inapotea.

Nikamrudia muuzaji na maelezo yote haya. Akafungua tena ile video, pale pale mlangoni! "Mama, si unaona intaneti inapita? Tatizo ni nyumba yako." Nyumba yangu! Simu ya zamani ya kila jirani inalia ndani ya nyumba hizi hizi.

Nilikuja hapa kutoa nyota moja. Lakini nikisema kweli, simu haina kosa: picha zake safi, chaji inakaa, na kwa mtu anayeishi ambako masafa yake yapo ningempa nyota nne. Basi nyota nne kwa simu, na muuzaji hapati hata nusu. Na kampuni ya simu je? Kadiri ninavyoandika ndivyo inavyoniuma zaidi, kwa sababu muuzaji huenda hakujua, wao walijua. Wana orodha ya modeli wanazoziruhusu, na dada yule angeweza kuniuliza modeli siku ya kwanza badala ya kunipa kazi ya kujumlisha. Hapana, hata muuzaji simsamehei. Aliulizwa swali moja.

Ukinunua ya nje, soma namba ya modeli, linganisha bendi zake na za mtandao wako, kisha ingia ndani kabisa, funga mlango, mwambie mtu akupigie. Kupigiwa, si video.

Yangu sasa inakaa dirishani kwa ajili ya picha na intaneti. Laini nimeihamishia kwenye kitochi cha zamani, ndicho kinacholala juu ya mto. Juzi usiku mjomba alipiga. Hakuwa na shida yoyote, alitaka kujua kama nipo hewani. Ililia mara moja, nikapokea.