Sola yangu ya pili: uzoefu kutoka Kibaha

Nianze na aibu yangu. Mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 ulinipeleka Kariakoo na hasira, na mwenye hasira hapigi hesabu. Nikatoka na paneli mbili za wati 200, betri moja ya jeli ya volti 12 na ampea-saa (Ah) 200, na inveta ya bei chee, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe wa kutumia nyumbani. Muuzaji aliniuliza, "Friji unayo?" Nikamjibu ndogo tu. "Basi haina shida, bosi wangu."

Shida ilikuwepo. Friji yangu inakula karibu uniti moja ya umeme, yaani kilowati-saa moja, kwa siku. Ukijumlisha feni, tivii na king'amuzi, taa na simu za watu watano, unafika uniti 2. Paneli zile siku ya jua kali zilikuwa zinaniletea uniti 1.6 hivi. Kwa hiyo kila usiku nakopa kwenye betri, asubuhi silipi deni lote. Na betri za aina ile ukizoea kuzishusha chini ya nusu, unazichimbia kaburi. Saa kumi usiku inveta inapiga mlio, naamka na tochi ya simu, naweka mita kwenye vichwa vya betri: 11.3. Chini ya volti 12 nusu imeshapita zamani. Friji nayo ilikuwa inanguruma kama kinu, kwani inveta ile haikuwa inatoa umeme laini kama wa gridi. Baada ya miezi 14 betri ikavimba ubavuni. Laki sita zangu zikaondoka na mnunuzi wa vyuma chakavu.

Majirani walikuwa wameshaanza kunicheka tangu Februari 2024, mtambo wa kwanza wa Bwawa la umeme la Julius Nyerere, kule mto Rufiji, ulipowashwa. Megawati 2,115 zinakuja, we unahangaika na vioo juu ya bati! Kuhusu mgao walisema kweli, ulipungua. Ila nguzo ya mtaani ikianguka, hata Rufiji ijae vipi mtalala giza.

Machi 2025 nilianza upya, safari hii na daftari. Wiki nzima niliandika kila kifaa, wati zake na saa zake. Nikanunua paneli mbili za wati 550, inveta ya kilowati 3 inayotoa umeme safi, na betri ya lithiamu ya volti 24 Ah 100. Pamoja na waya nene, breka na fundi, ilinitoka kama milioni 3 na laki 5, karibu nusu yake betri peke yake. Haikuniuma. Betri hii inabeba uniti 2.5 hivi na naweza kutumia 2 bila hofu, wakati ile ya kwanza ilikuwa na 2.4 lakini halali yangu ilikuwa nusu tu. Friji sasa siisikii kabisa. Paneli za zamani bado nzima, ziko bandani kwa kuku.

Masika ilinikuta mwezi wa pili tu tangu niifunge. Siku tatu mfululizo mawingu, ya tatu betri ikagonga asilimia 20 saa nne usiku na inveta ikahamia yenyewe kwenye luku, yaani umeme wa gridi wa kulipia kabla. Watoto hawakujua. Ndiyo maana waya wa luku sikuukata.

Kilichonisumbua zaidi ni mwembe. Uko kwa bibi jirani, upande wa magharibi, na kuanzia saa tisa kivuli chake kinapanda kwenye paneli ya kwanza. Fundi alikuwa amezifunga mfululizo, hivyo kivuli kikiziba moja, zote zinalegea: wati 700 zinashuka hadi 200 na ushee ndani ya nusu saa, unaona kwenye kioo cha inveta. Nikaenda kwa heshima zote kuomba matawi mawili. "Mjukuu wangu, mwembe huu umesomesha baba zako wadogo. Jua lako ndilo lihame." Nikahamisha jua. Fundi alirudi, tukazisogeza paneli mita nne upande wa pili wa paa, laki moja na nusu nyingine. Angekuja kuangalia paa jioni badala ya asubuhi, tungeliona hilo mapema.

Sasa hela, maana ndiyo mnaniuliza sana. Luku ya 10,000 inanipa uniti 28. Sola inaniokolea kama uniti 3 kwa siku, sawa na shilingi 1,070. Kwa mwaka ni laki 3 na tisini hivi, kwa hiyo gharama itarudi baada ya miaka 9, betri ikiwa hai. Kama una luku na umeme haukatiki kwenu, usinunue sola ili ubane matumizi. Mimi nililipia usingizi na nyama isiyooza. Kwa hilo naipa nyota nne.

Ya tano imeondoka na pasi. Inveta inaiweza, lakini usiku pasi inafyonza betri huku unaiangalia. Siku hizi sare za shule zinanyooshwa Jumapili saa saba mchana, jua likiwa utosini, na mke wangu bado hajanisamehe kwa hilo.