Display Driver Uninstaller: inafuta vizuri, lakini ijue kadi yako kwanza

Display Driver Uninstaller, ambayo wengi tunaiita DDU, ni programu ya bure ya Wagnardsoft. Kazi yake ni kufuta draiva ya kadi ya michoro (GPU), yaani programu inayoiwezesha Windows kuiendesha kadi hiyo, pamoja na mabaki yake: mafaili, folda, maingizo kwenye rejista (Registry, hazina ya mipangilio ya Windows), na nakala ambazo Windows huziweka pembeni kwenye ghala lake la draiva. Inazijua kadi za NVIDIA, AMD na Intel. Nimeitumia kwenye kompyuta za mezani za nyumbani, nyingi zikiwa zile zilizotumika maofisini, Dell OptiPlex na wenzake, ambazo mtu huzichomekea kadi ndogo ili acheze gemu au ahariri video. Naipa nyota nne kati ya tano. Nyota iliyobaki nimeizuia kwa sababu DDU hufuta bila kukuuliza swali lililo kubwa kuliko yote: ukishafuta, utaweka draiva ipi?

Angalia GeForce GT 730. Jina ni moja, ila kadi zinazobeba jina hilo zina chipu za vizazi viwili. Ya kizazi cha Fermi, draiva yake ya mwisho ni 391.35 ya Machi 2018. Ya kizazi cha Kepler inaendelea mpaka tawi la 470, yaani mfululizo wa draiva zinazotokana na toleo hilo, na zile za mwisho kabisa, zilizotolewa kuziba mianya ya usalama, namba zake zinaanzia 474 na 475. Ukishusha draiva ya juu kuliko hizo, kisakinishi kitafungua mafaili yake, kitakagua mashine, kisha kitasema hakikuona kadi inayolingana nacho. Hapo mtu huamini kuna mabaki ya draiva ya zamani, anakimbilia DDU, anafuta, anajaribu tena, anakataliwa tena. Na faili la draiva la NVIDIA la siku hizi huzidi MB 600, kwa hiyo kila kosa linakula bando.

Kwa hiyo kabla hujagusa DDU, fungua Device Manager, orodha ya Windows ya vifaa vya kompyuta, bofya kulia jina la kadi, ingia Properties, kisha Details, na kwenye orodha ya kushuka chagua Hardware Ids. VEN_10DE ni NVIDIA, VEN_1002 ni AMD, VEN_8086 ni Intel. Baada yake inafuata DEV na alama nne, tarakimu au herufi. Kwa GT 730, DEV_0F02 ni Fermi na DEV_1287 ni Kepler. Njia nyingine ni GPU-Z ya TechPowerUp, programu inayosoma taarifa za kadi, nayo ni bure: Fermi itaonyesha viini 96 na Kepler 384. Kama Device Manager haioni jina na inakuandikia tu Microsoft Basic Display Adapter, namba za DEV bado zinasomeka palepale, na ndiyo sababu naziamini kuliko stika iliyobandikwa kwenye boksi.

Ukiwa hapo, soma pia draiva iliyopo. Windows huandika toleo kwa namba ndefu, mfano 23.21.13.9135. Kwa NVIDIA chukua tarakimu tano za mwisho, toa nukta iliyomo, weka nukta kabla ya mbili za mwisho: 3, 9, 1, 3, 5, yaani 391.35. Vivyo hivyo 31.0.15.3713 ni 537.13. Ukijua hilo, hutashusha draiva ambayo tayari unayo.

Draiva sahihi ishuke kwanza, ikae kwenye diski ya ndani. DDU nayo ishushe kutoka tovuti ya Wagnardsoft yenyewe, kwa sababu kurasa zinazotoa nakala zenye jina hilo ni nyingi na hujui kilichotiwa ndani. Ni ndogo, haifiki MB 5. Ifungue kwenye folda ya diski ya ndani pia. Ikiwa kwenye diski ya mtandao haifanyi kazi. Antivairasi nyingine huizuia katikati ya kazi, kwa kuwa kweli inagusa rejista na mafaili ya mfumo, hivyo iambie antivairasi iache folda hiyo.

Kisha kata intaneti. Chomoa waya wa mtandao au zima Wi-Fi, na usiirudishe mpaka draiva mpya iwe imekaa. Hatua hii ndiyo watu wanaoiruka kuliko zote, na ndiyo inayoharibu kazi. Draiva ikishafutwa, Windows huona kadi isiyo na draiva, na ikipata mtandao huanza yenyewe kushusha draiva ya Windows Update, ambayo mara nyingi ni ya zamani kuliko uliyoiandaa. Wewe unaendesha kisakinishi chako, nyuma yake Windows inaweka ya kwake, na vyote viwili vinaandika mahali pamoja. Skrini inazimika, inawaka, inazimika, kisakinishi kinasema kimeshindwa, na mabaki uliyokuja kuyaondoa yanakuwa mengi kuliko mwanzo. DDU ina sehemu ya kuweka tiki ili kuzuia Windows Update isilete draiva. Iwashe, lakini waya uchomoe hata hivyo.

Umeme nao uangaliwe. Kama mtaa wako hukatika umeme ovyo na huna UPS, chagua saa ambayo kwa kawaida hutulia. Kukatika wakati DDU inafuta si msiba, unaweza kurudia. Kukatika wakati draiva mpya inaandikwa ndiko kunakoacha nusu draiva, na hapo utaanza upya tangu kufuta.

Kuingia hali salama, ile Windows inayoiita Safe Mode, ambamo huwaka na vitu vya msingi tu, mimi hushikilia Shift huku nikibofya Restart, kisha Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, halafu namba 4. Wapo wanaopenda msconfig, chombo cha Windows cha mipangilio ya kuwaka, na kuweka tiki kwenye Safe boot. Siishauri. Tiki hiyo hubaki mpaka uitoe mwenyewe, na ukishindwa kuingia kwenye akaunti yako ukiwa humo, mashine itakurudisha hali salama kila unapoiwasha. Kushindwa kuingia si jambo la kufikirika: Windows 10 za kabla ya toleo 2004 hazikubali PIN ndani ya hali salama, zinataka nywila yenyewe, na watu wengi wameizoea PIN hadi nywila wameisahau. Ihakikishe kabla.

Jambo la pili la kuhakikisha ni BitLocker, kifungio cha diski cha Windows. Ikiwa diski imefungwa nayo, njia ya Shift na Restart inaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika manage-bde -protectors -get C: na ufunguo utaonekana kama upo. Uandike kwenye karatasi au uupige picha kwa simu. Kuuhifadhi kwenye diski ileile iliyofungwa hakukusaidii kitu.

Ndani ya hali salama DDU ni rahisi. Upande wa kulia unachagua aina ya kifaa, GPU, kisha kampuni ya chipu. Vitufe ni vitatu: cha kufuta na kuwasha upya, cha kufuta bila kuwasha upya, na cha kufuta na kuzima. Hicho cha kuzima ni cha anayebadilisha kadi: mashine ikizimika unachomoa waya wa umeme, unatoa kadi ya zamani, unaweka mpya. Asiyebadilisha kadi abofye cha kuwasha upya. DDU ina chaguo la kutengeneza nukta ya kurejesha mfumo kabla ya kufuta, nami huliacha liwake, ila Windows haitengenezi nukta hiyo ukiwa ndani ya hali salama, hivyo itengeneze kabla hujaingia humo. Kama kwa sababu yoyote huwezi kuingia hali salama, DDU hufanya kazi hata kwenye hali ya kawaida, ila hapo futa, washa upya, futa tena, washa upya, maana draiva inayotumika wakati huohuo haiachii mafaili yake yote mara moja.

Mashine ikiwaka utaona maandishi makubwa na picha iliyovutika. Usishtuke, ni draiva ya msingi ya Windows ndiyo inayofanya kazi. Skrini ikiwa nyeusi kabisa, tazama nyuma ya kompyuta kabla ya kuwaza mabaya: bodi mama nyingi zina tundu lake la HDMI au DisplayPort, na waya wa monita unatakiwa uwe kwenye kadi. Endesha kisakinishi ulichoandaa, washa upya, kisha ndipo urudishe intaneti. NVIDIA Control Panel isipoonekana baada ya hapo, itafute Microsoft Store. Mipangilio yako ya rangi, ya kila gemu, na vipimo vya skrini ulivyotengeneza mwenyewe vyote vimeondoka. Viandike kabla kama ni vya kazi.

Sasa yale ambayo DDU haiwezi, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa kuwa ndipo muda na pesa za watu zinapopotelea.

Code 43 kwenye Device Manager maana yake Windows imekisimamisha kifaa kwa sababu chenyewe kimeripoti tatizo. Ukifuta kwa DDU kwa utaratibu wote huo, ukaweka draiva sahihi, na Code 43 ikarudi, acha kufuta. Kadi yenyewe ndiyo ya kuchunguzwa. Ya kwanza kuwaza ni kadi bandia: chipu ya zamani, kwa mfano ya GTS 450, iliyoandikiwa BIOS (programu ndogo iliyomo ndani ya kadi) inayoitambulisha kama GTX 1050 Ti. Draiva halisi haidanganyiki. GPU-Z, tangu mwaka 2018, huweka neno FAKE mbele ya jina la kadi za NVIDIA za namna hiyo. Kabla hujalipia kadi iliyotumika, omba iwashwe na uione ndani ya GPU-Z. Muuzaji mwaminifu hatakataa.

Ya pili ni kadi za AMD, hasa RX 470 hadi RX 580, zilizotoka kwenye uchimbaji wa sarafu za kidijitali. Wachimbaji walizibadilishia BIOS ili kumbukumbu iende kasi, na draiva ya AMD hukagua saini ya BIOS na kukataa isiyo halali. Dawa ni kurudisha BIOS ya asili ya kadi hiyohiyo, yenye aina ileile ya chipu za kumbukumbu. Baadhi ya kadi hizo zina swichi ndogo ubavuni inayochagua kati ya BIOS mbili. Zima mashine, isogeze upande wa pili, washa. Mara nyingine ile ya pili haikuguswa, na tatizo linaishia hapo bila programu yoyote.

Ya tatu ni skrini inayozimika sekunde chache na kurudi wakati wa gemu. Fungua Event Viewer, Windows Logs, System, utafute namba 4101. Windows huisubiri kadi sekunde 2. Isipojibu, inaiwasha draiva upya, na ikishindikana unapata skrini ya bluu yenye VIDEO_TDR_FAILURE. Ikianza siku uliyobadilisha draiva, DDU na draiva ya awali vinaweza kuimaliza. Ikiwa draiva ni ileile ya miezi yote, tazama joto kwenye ukurasa wa Sensors wa GPU-Z huku gemu likiendelea. Ikipita nyuzi 85, safisha vumbi na ubadilishe pesti ya joto. Halafu tazama pawa saplai. Tundu la PCIe, lile linaloshika kadi kwenye bodi mama, hutoa wati 75 tu, na mashine nyembamba za ofisini zina pawa saplai iliyopimwa kwa ajili ya kazi za ofisi. Watu hushauriana kuongeza zile sekunde kupitia TdrDelay kwenye rejista. Kwa anayetoa video nzito naelewa. Kwa kadi inayochemka, hilo ni kuahirisha tu.

Na kwa sasisho la kawaida la kila mwezi, DDU haihitajiki kabisa. Hata Wagnardsoft wenyewe wanasema isitumike kila unapoweka draiva mpya. Kisakinishi cha NVIDIA kina tiki yake ya usakinishaji safi ndani ya chaguo la Custom, na AMD wana chombo chao cha kusafisha. Draiva mpya ikileta shida, kwanza bofya Roll Back Driver kwenye Device Manager. Ni dakika mbili na hakuli bando. Skrini ikiganda tu, bonyeza Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja, draiva itajiwasha upya bila kuzima mashine.

DDU huiondoa pia sauti inayopita kwenye HDMI, kwa kuwa draiva yake huja na ya kadi. Spika za monita zikinyamaza baada ya kusafisha, bofya alama ya spika chini ya skrini uchague monita. Isipokuwepo kwenye orodha, endesha tena kisakinishi, na safari hii hakikisha sehemu ya sauti ya HDMI ina tiki.