Taurus G2C au Ruger LCP: ipi ya kutegemewa?

Nchini Marekani, mnunuzi mwenye fedha za wastani anayetaka bastola ya kubeba chini ya nguo hukutana mapema na hizi mbili: Taurus G2C ya milimita 9, yenye magazini (kisanduku cha kuwekea risasi) ya risasi 12, na Ruger LCP ya risasi aina ya .380, ambayo magazini yake huchukua 6. LCP ikiwa tupu haifiki gramu 300, hata mfukoni unaweza kuisahau. Lakini wepesi huohuo unadai mkono imara, kwa kuwa kifundo cha mkono kikilegea, sehemu ya juu ya bastola, ile inayoteleza, hairudi nyuma kikamilifu na ganda la risasi iliyofyatuliwa hunaswa kwenye tundu la kutokea. Nyuzi za mfukoni nazo huingia ndani, jambo ambalo wengi hawalikagui.

G2C ni nzito zaidi, na hapo uzito ni msaada. Isitoshe, risasi ikikataa kulipuka, kuvuta kifyatulio tena huipiga mara ya pili, ilhali LCP hulazimu kwanza kuvuta sehemu ya juu. Mimi ningechagua G2C, baada ya kuijaribu kwenye uwanja wa kulenga shabaha kwa risasi zilezile nitakazobeba, si za bei rahisi tu.